Mtu Aliyesimama Kando ya Valvu

Bomba la mvuke lilipasuka Jumanne saa nne asubuhi, likamuua shemeji yangu. Bomba lile nililichora mimi.

Lilipasuka kwenye kona, pale laini inapoacha kwenda mlalo na kuanza kupanda ghorofa ya pili ya kiwanda cha sabuni. Shemeji alikuwa amesimama kando ya valvu, mkono mmoja kwenye usukani wake. Waliomkuta wanasema hakuteseka. Mimi siamini sana maneno ya namna hiyo, maana ndivyo wafiwa wanavyoambiwa siku zote. Lakini sikuwepo, kwa hiyo sina la kubisha.

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Geji, kwa sababu alikaa mbele ya boila miaka ishirini na sita akitazama mshale wa geji ya presha, na kwa sababu ukimsalimia alikujibu kwa presha. Leo niko bari saba, anakwambia. Akiwa na mafua alikuwa bari tatu. Siku aliyomwoa dada yangu alitangaza mbele za watu kwamba yuko bari kumi na valvu ya usalama inalia. Dada hakuacha kumtania kwa hilo mpaka mwisho.

Dada ndiye aliyenilea. Baba alipokufa niliacha shule, na Geji, ambaye wakati huo alikuwa mchumba tu asiye na lazima na mimi, ndiye aliyenitafutia kibarua cha kwanza: kubeba mabomba na kuyakwangua kutu kwa brashi ya waya. Nikawa fundi bomba, kisha mchomeleaji. Siku moja mchoraji kutoka ofisini alikuja saiti na mchoro wenye kosa. Nikachukua penseli nikamchorea njia sahihi juu ya mfuko mtupu wa saruji. Akaondoka na ule mfuko, na mwezi uliofuata akanichukua na mimi. Tangu hapo naitwa Penseli, ingawa ni miaka kumi sijaishika. Siku hizi kila kitu ni kompyuta.

Watu hawajui kazi yetu, kwa hiyo niieleze. Injinia anasema mvuke utoke kwenye tangi hili uende kwenye lile, kwa unene huu na presha hii. Msanifu wa mabomba ndiye anayeitafuta njia. Apite chini ya boriti gani, auruke mlango upi, asikaribie nyaya za umeme, na pale penye bolti aache nafasi ya spana kuzunguka. Ukikosea, fundi atakutukana mbele ya vibarua. Hayo ndiyo makosa ya kawaida, na tusi halijaua mtu.

Sasa mvuke una tabia moja. Ukipoa unageuka maji. Boila ikizimwa, mvuke uliobaki ndani ya bomba unageuka maji na kulala mahali pa chini kabisa. Ukija kufungua valvu, mvuke mpya haupiti juu ya yale maji kwa adabu, unayasukuma. Yanakwenda kama tofali lililotupwa ndani ya bomba, na yakifika kwenye kona hayajui kukata kona, yanagonga. Yakiwa machache utasikia kama nyundo. Yakiwa mengi, chuma kinapasuka.

Dawa yake ni ndogo hata naona haya kuitaja. Kabla laini haijapanda, unaning'iniza kipande cha bomba kinachotazama chini. Tunakiita mfuko. Maji yanaingia mfukoni, na kwenye kitako cha mfuko kuna kifaa kinachoyatoa nje na kuuzuia mvuke usitoke. Basi, hakuna zaidi. Hilo nililijua kabla sijajua kuwasha kompyuta. Geji ndiye aliyenifundisha, nikiwa bado nanuka kutu.

Na mfuko huo niliuchora. Naomba hilo lieleweke. Sikuusahau.

Ofisini kwetu, kila Ijumaa, bosi alikuwa akiifungua modeli nzima ya mradi, yaani jengo lote lililochorwa ndani ya kompyuta, kwenye skrini kubwa ukutani. Bosi ni injinia, mwanamke wa sauti ya chini, asiyepoteza neno. Kompyuta inahesabu migongano, yaani mahali ambapo vitu viwili vimechorwa pamoja, bomba ndani ya ukuta, au ngazi ndani ya bomba. Kila mgongano unawaka nyekundu. Namba inatumwa kwa mteja, na Ijumaa ile mteja alitaka sifuri.

Alhamisi mchana nilikuwa na migongano tisa. Minane niliimaliza. Wa tisa ulikuwa ule mfuko, ulikuwa unapita katikati ya trei ya nyaya za umeme. Kuutatua kwa haki kulitaka ama niinue laini yote, kazi ya siku mbili, ama mchoraji wa umeme asogeze trei yake. Naye alikuwa likizo, mkewe amejifungua, na kwetu mtu hagusi kazi ya mwenzake. Basi nikafanya kile tunachofanya sote, na msanifu atakayekwambia hajawahi kukifanya anakudanganya. Nikauficha mfuko. Kwenye modeli kuna tabaka la vitu visivyoonekana. Unakihamishia kitu huko, hakifutiki, ila macho hayakioni na kompyuta haikihesabu. Nyekundu ikazimika. Nikajiambia Jumatatu nitaurudisha.

Jumatatu nilipelekwa saiti nyingine kwa siku nne. Nilipokuja kurudi, michoro ilikuwa imeshachapwa na kufikishwa kwa wachomeleaji. Zamani tulikuwa na mzee mkaguzi, mtu wa kalamu nyekundu na hasira za asubuhi. Aliangalia kila mchoro kwa jicho lake na hakuna mfuko uliompita. Alistaafu, na mahali pake hapakuwekwa mtu. Walisema kompyuta inajikagua. Ilijikagua kweli, ikasema sifuri.

Kuna jambo jingine kuhusu modeli ile. Huwa tunaweka humo sanamu ya mtu, ya kijivu, isiyo na uso, ili kupima kama mtu wa kweli ataifikia valvu bila kupanda kiti. Kwa kawaida ina urefu mmoja tu. Lakini kwenye mradi ule nilimjua atakayeifungua valvu ile, kwa hiyo nikaipa sanamu urefu wa shemeji, mita moja na sentimita sitini na nne. Nikaisimamisha kando ya valvu, mkono juu ya usukani. Nikampigia simu kumwambia nimempima na anatosha. Akasema nimwongezee kitambi, kwa dada yangu anakula vizuri.

Wiki sita kabla ya ajali tulikuwa mezani kwao, Jumapili mchana. Tumeshakula, dada anaondoa sahani.

"Shemeji, laini yako inagonga," alisema.

"Inagonga vipi?"

"Kama mgeni mlangoni."

"Basi mfungulie."

Tukacheka wote watatu, mpaka dada akaegemea mlango na sahani zake. Alipoingia jikoni Geji akaacha kucheka. Akaniambia ameifuata ile laini kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho na hajaona pa kutolea maji, je, macho yake yamezeeka? Palepale nikakumbuka. Nikamwambia afungue polepole, robo ya mzunguko, asubiri, ndipo aongeze. Nikamwambia nitautazama mchoro.

Sikuhitaji kuutazama. Lakini kubadili bomba kwenye kiwanda kinachofanya kazi kunataka karatasi, na karatasi hiyo inauliza nani alikosea, lini, na kwa nini. Na ofisini kulikuwa na nafasi ya kudumu inakuja. Miaka kumi na mmoja nilikuwa mtu wa mikataba ya miezi sita sita. Mradi ukija unaitwa, mradi ukiisha unapewa mkono. Vijana wenye shahada waliokuwa wakija kuniuliza kama kazi hii ina maisha niliwajibu kwamba kazi haiishi, kinachoisha ni mkataba wako. Ile ilikuwa nafasi ya kwanza ya kudumu iliyofunguliwa tangu niingie mlango ule, na mtu asiye na shahada hatapata ya pili. Nikapiga hesabu zangu. Usaili upite kwanza, kisha nitaandika karatasi. Kitu kilichogonga wiki mbili bila kupasuka kitagonga na ya tatu.

Usaili ukaahirishwa mara moja, ukaahirishwa tena. Kiwanda kikazima boila siku tatu kwa matengenezo. Siku ya nne, ambayo ni ile Jumanne, Geji aliiwasha, akangoja presha ipande, akaenda kwenye valvu. Maji ya siku tatu yalikuwa yamelala pale chini yakimngoja.

Tulimzika Alhamisi. Wiki iliyofuata dada alikwenda kiwandani kuchukua vitu vyake, kofia, redio ndogo, na kikombe cha bati. Kwenye ubao wa matangazo, getini, akakuta karatasi yenye mhuri. Ilisema kamati ya uchunguzi inaendelea na kazi, na kwamba kwa matokeo ya awali mwendeshaji wa boila alifungua valvu kwa haraka, kinyume cha maelekezo, kwa uzembe. Watu wote wa zamu walikuwa wameshaisoma. Mmoja alimkwepa macho.

Alikuja moja kwa moja nyumbani kwangu, kikombe kikiwa bado mkononi. Hakukaa.

"Uzembe," alisema. "Mtu aliyekuwa akifika kituo cha basi anarudi nyumbani kuhakikisha kama jiko limezimwa. Wewe ndiye unayejua mabomba kwenye ukoo huu, mdogo wangu. Niambie. Alikosea?"

"Nitaangalia, dada."

"Angalia. Ukisema alikosea nitanyamaza. Nitakwenda niiombe ile karatasi niiweke kabatini. Lakini useme wewe."

Mke wangu alimletea maji, akanywa kidogo, akaondoka. Hilo ndilo lililobaki juu yangu. Geji hafufuki, kila mtu alilijua hilo. Kilichokuwa kinangoja ni jina lake, na mtu wa kulisemea alikuwa mimi peke yangu.

Nyumba yetu ina mabomba ya kizamani. Ukifunga koki ghafla yanagonga mara moja ukutani, tumeyazoea. Baada ya msiba yakaanza kugonga wakati hakuna aliye kwenye koki. Mke wangu alisema ni majirani wa juu, na inawezekana ni wao kweli. Sikubishana. Nilijifunza kufunga koki taratibu, kama unamwekea mtoto aliyelala shuka. Yakagonga vilevile. Mchana kweupe, ninakula, gonga moja. Nikitia kijiko mdomoni, gonga la pili. Nikaacha kula upande ule wa ukuta.

Ofisini ilikuwa mbaya zaidi. Mradi ulikuwa na awamu ya pili, na nililazimika kuifungua modeli ileile kila siku. Kila nikiifungua, alikuwa pale. Wa kijivu, mita moja na sentimita sitini na nne, mkono kwenye usukani wa valvu. Nilijaribu kufanya kazi upande wa pili wa jengo, lakini ukisogeza modeli kidogo tu unamwona kwa mbali katikati ya mabomba, amesimama kama mtu aliyeambiwa asubiri hapo. Ningeweza kuifuta ile sanamu. Kila nikiichagua niifute, mkono ulikataa. Ningekuwa namfuta mara ya pili.

Kisha nikaanza kuona kwamba kichwa chake kimegeuka. Kidogo sana, upande wangu. Mimi si mtu wa mambo hayo. Ukiniambia umeona mzimu nitakuuliza ulikuwa umekula nini. Kwa hiyo nikafanya ninachofanya na kitu chochote nisichokiamini, nikakipima. Unabonyeza sanamu, kompyuta inakupa nyuzi za mzunguko. Sifuri, haijageuka. Kesho yake nikaona imezidi kugeuka, nikapima, sifuri. Siku ya tatu niliandika ile sifuri kwenye karatasi na saa yake, kama muuguzi anayeandika joto la mgonjwa. Mchoraji wa umeme, ambaye meza yake imepakana na yangu, aliniuliza naandika nini. Nikamwambia vipimo. Akasema pole kwa msiba, Penseli, nenda nyumbani ukapumzike. Hakujua nyumbani kuna nini.

Usaili ukafika katikati ya hayo. Walikuwa watatu: bosi wangu, mama wa utumishi, na injinia kutoka makao makuu, mtu mnene mwenye kalamu nzuri. Mama wa utumishi aliniuliza kuhusu vyeti. Nikasema ninavyo viwili, cha kuchomelea na cha ndoa, na cha pili ndicho kilichonitoa jasho zaidi. Walicheka, hata bosi. Kisha injinia akaanza maswali ya kazi. Bomba la inchi mbili lishikiliwe kila baada ya mita ngapi? Kwa nini laini ndefu ya moto huipitishi moja kwa moja bila kuiwekea mpindo? Flanji unaiweka wapi na wapi huiweki kamwe? Nilijibu yote bila kufikiri. Nilijisikia vizuri, na huo ndio ukweli. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilisahau.

Akageuza karatasi.

"Laini ya mvuke inakwenda mlalo, halafu inapanda. Kabla haijapanda unaweka nini?"

"Mfuko. Na kifaa cha kutolea maji chini yake."

"Usipouweka?"

"Maji yanajaa."

"Halafu?"

"Anakufa mtu."

Injinia alitingisha kichwa kukubali, akaweka alama ya vema kwenye karatasi yake. Niliiona kalamu ikishuka na kupanda. Nimepata alama kwa jibu lile. Bosi alikuwa akiitazama meza.

Aliponisindikiza kwenye korido aliniambia nafasi ni yangu, barua itatoka Jumatatu. Kisha, huku anatafuta funguo kwenye mkoba, akasema kamati ya uchunguzi imeiomba modeli ya laini ile, inatakiwa kwao Ijumaa saa sita mchana. "Kabla haijatoka uisafishe," alisema, "kama kawaida."

Kusafisha ni kazi halali. Modeli yoyote ikitoka ofisini tunafuta vitu vyote vilivyofichwa, maana ni takataka, majaribio, njia zilizoachwa. Ni batani moja. Kila msanifu huibonyeza mara kadhaa kwa mwezi. Sijui kama bosi alijua kilichokuwa humo. Nimelifikiria sana na bado sijui. Kama alijua, alificha vizuri kuliko mimi.

Ijumaa asubuhi niliwahi, sakafu bado ina maji ya deki. Nikafungua modeli. Kabla ya kubonyeza futa, nilibonyeza onyesha. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kuhakikisha upo.

Ulikuwepo. Wa manjano, urefu sahihi, unene sahihi, mahali sahihi kabisa, ukipita katikati ya trei kama nilivyouacha. Kando yake yalitokea maandishi madogo: herufi za jina langu, tarehe ya kuchorwa, tarehe ya kufichwa. Na yeye alikuwa amesimama karibu nao kiasi cha kuugusa kwa mguu.

Nilikaa na kidole juu ya batani. Nilijipa hoja zote. Karatasi ya getini itachakaa na mvua. Marehemu hasomi matangazo. Dada atasaidiwa zaidi na mdogo wake mwenye kazi ya kudumu kuliko na mdogo wake aliyefukuzwa, na ana mabinti wawili shuleni. Mfuko niliuchora, mkaguzi hakuwepo, mteja ndiye aliyetaka sifuri. Hoja zote zilikuwa za kweli. Hilo ndilo lililonitia hofu, kwamba sikuhitaji hata kudanganya.

Modeli inakuruhusu kuingia ndani na kutembea. Unachagua mahali pa kusimama na urefu wa macho. Nikauficha mfuko tena, ili chumba kiwe kama kilivyojengwa, nikaingia nikasimama pale aliposimama yeye, macho kwenye urefu wake. Nikaona alichokiona. Valvu mbele ya kifua, ukuta mweupe, laini ikienda kushoto hadi kwenye kona na kupanda. Nikatazama juu, nikatazama chini. Nikaifuata laini kutoka mwanzo hadi mwisho kama alivyoifuata yeye, hatua kwa hatua, nikitafuta pa kutolea maji. Hapakuwa na mahali. Macho yake hayakuwa yamezeeka.

Sikubonyeza futa. Niliuonyesha mfuko, nikachapa mchoro pamoja na yale maandishi yake, nikatoka bila kumuaga mtu.

Kwanza nilikwenda kwa dada. Alikuwa anapiga pasi ovaroli za Geji, kiwanda kilitaka zirudishwe zikiwa safi. Nikautandaza mchoro juu ya meza ya pasi. Nikamweleza nikiwa nimesimama: maji yanalala wapi, mfuko unafanya nini, tarehe ile ni ya nini. Hakuwahi kusoma mchoro maishani mwake lakini alifuata kidole changu mpaka mwisho, na alipofika kwenye herufi za jina langu alisimamisha kidole chake hapo.

"Na alikwambia," alisema.

"Aliniambia. Ulikuwepo."

"Nilikuwa natoa sahani." Akaizima pasi. "Nilicheka."

"Tulicheka wote."

"Mimi na yeye tulikuwa hatujui. Wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, dada."

Alikunja ovaroli, akaanza na mikono, kisha miguu, akaiweka juu ya nyingine. Hakulia mbele yangu na hakuinua sauti. Nilitamani anipige. Mara ya mwisho kunipiga nilikuwa na miaka kumi na miwili, na baadaye alinipa chai.

"Nenda kawaambie," alisema. "Yote. Hata ya mezani. Halafu usije hapa mpaka nikuite."

Kamati ilinisikiliza kwa dakika ishirini na mbili. Niliwapa mchoro, nikawaambia yote, hata ya mezani. Mwenyekiti alifungua faili akanionyesha picha ya valvu, akaniuliza kama naweza kuthibitisha kwamba ilifunguliwa kwa haraka. Kwenye usukani Geji alikuwa amepaka alama nyeupe ya rangi, na nyingine kwenye mwili wa valvu, za kuhesabia mzunguko. Wao walidhani ni uchafu. Nikapima umbali wa alama moja hadi nyingine kwa kidole. Ulikuwa robo ya mzunguko. Alifanya kama nilivyomwambia, na maji yalikuwa mengi mno kwa robo yoyote.

Karatasi ya getini iliondolewa baada ya siku tisa. Iliyowekwa badala yake ina mistari mitano, na neno uzembe bado limo, ila limehamia kwenye jina langu. Ni sawa. Barua ya Jumatatu ilitoka kweli, lakini si ile. Mteja alivunja mkataba na ofisi yetu, na wasanifu watatu ambao hawakuficha kitu kwenye mradi ule walirudi nyumbani pamoja na mimi, mmoja wao mchoraji wa umeme. Hakuna ofisi ya usanifu inayonichukua sasa. Nafunga matangi na koki za majumbani.

Mfuko umeshawekwa. Ni bomba la sentimita arobaini, flanji mbili za kuungia, bolti nne na kifaa kimoja cha kutolea maji. Mchomeleaji mmoja alianza asubuhi, akamaliza kabla ya saa ya kula. Geji alikuwa na miaka hamsini na mitatu, bado miwili astaafu. Ameacha mke na mabinti wawili. Mkubwa wao ameolewa mwaka huu, nimeambiwa na watu. Dada hajaniita. Ni miaka miwili na miezi minne.